Mkuu Asiyesikia la Mdogo: Kujitambua na Huruma katika Uongozi wa Kazi za Kesho

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa mameneja, wasimamizi na maofisa wa rasilimali watu. Naiweka hapa yote, kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)

Mwenyekiti wa kikao, wakurugenzi, wakuu wa idara, wasimamizi wa zamu, vijana mlioanza kazi juzi na wazee wetu mnaokaribia kustaafu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie uongozi katika kazi za kesho. Nadhani wengi mlitarajia nianze na mitambo: akili mnemba imefika, roboti zinakuja, nani atabaki na kazi. Hayo nitayagusa. Lakini naomba nianze na swali moja ambalo kila mwenye watu chini yake anapaswa kulala nalo. Watu wako wanakuambia ukweli?

Sizungumzii heshima. Watu wanaweza kusimama ukipita, wakakuita bosi, wakacheka kila ukitania, na ukweli wasikuambie. Nauliza hivi: jambo likienda mrama leo saa nne asubuhi, wewe utalijua saa ngapi? Na utalijua kutoka kwa nani?

Nauliza kwa sababu kujitambua na huruma tumevizoea kama mambo ya kuzungumzia siku ya mwisho wa juma, kazi za maana zikiisha. Mimi naamini kinyume chake. Naamini hivyo viwili ndiyo njia ambayo ukweli hupita ili umfikie anayeamua. Njia hiyo ikiziba, watu huumia. Wakati mwingine hufa. Naomba tusafiri pamoja hadi mahali palipotokea hivyo.

Ilikuwa tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, na ndege nyingi zikaelekezwa kwenye uwanja huu mdogo. Ukungu ukashuka. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zikajikuta kwenye njia moja ya kurukia, zikiwa hazionani wala mnara wa kuongozea hauzioni.

Rubani mkuu wa KLM aliitwa Jacob Veldhuyzen van Zanten. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake, na sura yake ilipamba matangazo ya shirika hilo. Rubani msaidizi aliyeketi kando yake, mtihani wake wa kuirusha 747 ulikuwa umesimamiwa na mkuu huyohuyo. Pimeni wenyewe umbali uliokuwepo kati ya viti viwili vinavyokaribia kugusana.

Mkuu akaongeza nguvu za injini. Msaidizi akamkumbusha kuwa ruhusa ya mnara bado haijatoka. Mkuu akasema anajua, basi aiombe. Ikaja ruhusa ya njia watakayofuata wakishakuwa angani, ambayo si ruhusa ya kuruka. Mkuu akaanza kuiondoa ndege. Safari hii msaidizi hakumzuia. Fikirini: muda mfupi tu nyuma amemrekebisha mtu aliyemtahini. Nani kati yetu angethubutu mara ya pili?

Mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma yao, alisikia kwenye redio maneno yaliyomtia shaka. Akauliza: kwani yule wa Pan American hajatoka njiani? Mkuu akamjibu kwa mkazo kwamba ametoka. Hakuna aliyesema zaidi. Sekunde chache baadaye ndege ziligongana. Watu 583 walifariki. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko ile.

Ndugu zangu, tazameni jinsi yule mhandisi alivyosema. Hakusema "simamisha ndege". Aliuliza. Na hivyo ndivyo mdogo anavyozungumza mbele ya mkubwa aliye juu mno: hatari anaiona, lakini inamtoka mdomoni ikiwa swali. "Mkuu, labda tuziangalie tena hesabu?" "Bosi, sijui kama mteja alituelewa vizuri." "Samahani, ile tarehe tuliyoahidi bado ipo palepale?" Mmeyasikia maswali ya namna hii wiki hii? Na mlipoyasikia, mlijibu swali, au mlitafuta kilichokuwa ndani yake?

Sikuileta habari hii ili tumlaumu marehemu. Uchunguzi ulionyesha mengi yaliyokutana siku ile: ukungu, mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, uwanja uliofurika, na saa za kazi za marubani zilizokuwa zinakaribia ukomo wa kisheria. Ninachotaka tukione ni kwamba ndani ya chumba kile ukweli ulikuwemo. Haukuhitaji kutafutwa mbali. Ulikuwa umeketi nyuma ya kiti cha mkuu, ukanyamazishwa kwa jibu moja fupi.

Sasa, tunapozungumzia kujitambua, wengi hufikiria mtu kukaa peke yake na kujiuliza: mimi ni nani, nina vipaji gani, nakasirishwa na nini. Hayo yana faida yake. Kwa kiongozi hayatoshi. Na nakiri nina wasiwasi na semina ambazo mtu huingia asubuhi akatoka jioni amepewa jina la aina ya tabia yake, kisha akarudi ofisini nalo likiwa udhuru: "Mimi ndivyo nilivyo, mnivumilie." Mwenye madaraka ana maswali mengine ya kujiuliza. Nikiingia chumbani, sauti za wengine zinapanda au zinashuka? Nikikunja uso, nani anameza alichotaka kusema? Nikitoa maoni yangu kwanza, kuna anayebaki na ya kwake?

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Tasha Eurich, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza suala hili, ameandika kwamba takriban asilimia 95 ya watu hudhani wanajitambua, ilhali waliotimiza vigezo vyake ni kati ya asilimia 10 na 15. Ameandika pia jambo linalotuhusu hasa sisi tulio ukumbini humu: wenye vyeo vya juu huelekea kujipima juu zaidi kuliko wengine wanavyowaona. Kwa nini? Vyeo havigawiwi kwa watu wabaya tu. Ila kila ngazi unayopanda inakupunguzia watu wa kukuambia umekosea. Ukifika juu kabisa unaweza kukaa mwaka mzima bila kukosolewa, na mwaka huo ukauhesabu kuwa mwaka wa mafanikio.

Tumelelewa na methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, na sitaki kuipinga. Nataka tuiongezee ubavu wake wa pili: mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika guu, akawavunja na wengine, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika usukani.

Baada ya ajali za miaka ile, watu wa usafiri wa anga waliketi chini wakajichunguza. Mwaka 1979 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, iliitisha warsha kuhusu namna marubani wanavyofanya kazi pamoja, na mwaka 1981 shirika la ndege la United la Marekani likaanzisha mafunzo ya aina mpya: mkuu afundishwe kuuliza na kusikiliza, mdogo afundishwe kusema waziwazi. Walikuwepo marubani wakongwe waliochukia, wakaona wanapelekwa shule ya kujifunza upole. Sikilizeni upole huo ulikuja kufanya nini.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United aina ya DC-10 ilikuwa angani nchini Marekani ikiwa na watu 296. Injini ya mkiani ikapasuka, vipande vyake vikaharibu mifumo yote mitatu ya haidroliki. Maana yake usukani haukuwa na kazi tena. Rubani mkuu, Al Haynes, hakuwa na mwongozo wa kufuata, kwa sababu haikutarajiwa kwamba mifumo yote mitatu ingeweza kufa kwa pamoja. Miongoni mwa abiria alikuwemo mwalimu wa marubani wa ndege hizo, Denny Fitch, naye akajitolea kusaidia. Haynes akamkaribisha, wakawa wanne: marubani wawili, mhandisi wa ndege na yeye. Fitch akazishika zile nyenzo za kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki, na kwa nguvu hizo tu, wanne wale wakishauriana kila dakika, ndege ikaelekezwa hadi Sioux City. Ilivunjika ikitua. Watu 112 walifariki. Lakini 184 waliishi, na marubani waliolijaribu jambo lile baadaye kwenye mitambo ya mazoezi hawakuweza kuitua ndege salama.

Haynes alikuwa akieleza baadaye kwamba ndani ya chumba kile kulikuwa na jumla ya miaka 103 ya uzoefu wa kurusha ndege, na katika miaka yote hiyo hakuna hata dakika moja waliyofanya mazoezi ya kuirusha ndege ikiwa katika hali ile. Kwa nini basi yeye peke yake ajue kuliko wenzake watatu?

Hiyo ndiyo kazi ya kesho. Kesho inatuletea hali ambazo hakuna aliyezizoea. Wewe una miaka yako kazini, mimi nina yangu, lakini kabla ya ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika, kufunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, nani kati yetu alikuwa amewahi kuongoza ofisi ambayo ripoti, barua na hata malalamiko ya wateja yanaweza kuandikwa na mashine? Hakuna. Tunajifunza sote kwa pamoja, na mara nyingi kijana aliyeajiriwa juzi anajua kuliko mkurugenzi. Uzoefu wetu haujawa bure. Ila hauwezi tena kuwa sababu ya kuwanyamazisha wengine.

Najua kuna anayesema moyoni: haya yote nayajua, shida yangu ni muda. Nakubali. Tena nataka nikuonyeshe kwamba shida ya muda ni kubwa kuliko unavyodhani.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia huko Princeton. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili akatoe mazungumzo mafupi. Baadhi walipewa mada ya Msamaria Mwema, yule aliyemsaidia mtu aliyelala njiani. Njiani, mlangoni mwa jengo, waliwekewa mtu aliyejikunyata, anakohoa na kugugumia. Watafiti walitaka kujua nani atasimama.

Mnadhani kilichoamua ni nini? Imani ya mtu? Mada aliyobeba kichwani? Hapana. Kilichoamua ni haraka. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wanasubiriwa sasa hivi, asilimia 45. Walioambiwa wamekwisha kuchelewa, asilimia 10. Wapo waliokuwa wanakimbia kwenda kuhubiri habari za Msamaria Mwema, wakampita mgonjwa wakiwa njiani.

Ndugu zangu, wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wema waliochelewa. Kwa hiyo nikiona taasisi inaandika huruma ukutani miongoni mwa maadili yake, halafu inampa msimamizi mmoja watu wengi kupita uwezo wake, vikao vinavyopandiana, na ujumbe unaodai jibu saa nne usiku, mimi najua huruma ile itabaki ukutani. Haraka haraka haina baraka. Hata ukiutazama mwili peke yake: Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria, katika utafiti uliotoka mwaka 2021, kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016. Hao ni watu wa kazi, wenzetu. Kiongozi anayepanga ratiba ya watu anagusa uhai wao, ajue asijue.

Sasa tuje kwenye mitambo, kwa sababu niliahidi.

Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kufunga katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotoka kwa kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi yaliendeshwa na watu wa kawaida, wengi wakiwa na biashara ndogo humohumo ndani, watu walioaminiwa na majirani zao. Mara mfumo ukaanza kuwaonyesha kwamba wana upungufu wa fedha. Mtu anafunga hesabu jioni, anahesabu noti tena na tena, haoni kosa lake, lakini kompyuta inasema fedha zimepungua. Anapiga simu ya msaada. Wengi wao wamesimulia kwamba waliambiwa maneno yaleyale: wewe peke yako ndiye mwenye tatizo hili.

Wewe peke yako! Simu inatoka mashariki, simu inatoka magharibi, na kila mmoja anaambiwa yuko peke yake.

Wapo waliofidia kwa akiba zao. Wapo waliofilisika. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi, udanganyifu na kughushi hesabu, ushahidi ukitoka kwenye mfumo ule. Mama mmoja mjamzito alipelekwa gerezani siku ambayo mwanawe alikuwa anatimiza miaka 10. Na sheria ya nchi ile iliichukulia kompyuta kuwa inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mwenye tawi dogo atathibitishaje? Ataufunua mfumo wa Fujitsu kwa ufunguo gani?

Ilipofika 2019, katika kesi ya wadai 555, Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu ule. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hatia za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuwasafisha mamia wengine kwa pamoja. Wengine walikuwa wamekwisha kufariki.

Mimi habari hii huniuma kila ninapoisoma. Kasoro ya kompyuta inaweza kutokea popote. Kinachoniuma ni kwamba mamia ya watu walisema jambo moja, na walio juu wakaona ni rahisi zaidi kuamini kwamba mamia ya watu waaminifu wamegeuka wezi kuliko kuamini kwamba mashine imekosea. Huo ndio mtihani unaokuja kwenye meza ya kila mmoja wenu. Kesho programu itakuambia nani amezembea, nani aitwe kwenye usaili, nani aondolewe. Skrini itaonyesha dada fulani kasi yake ya kujibu simu imeshuka kwa wiki tatu. Haitaonyesha kwamba anamuuguza mtoto. Haitaonyesha kwamba ndiye anayepewa wateja wenye hasira, kwa kuwa ana subira. Nani atakwenda kumuuliza? Na akijibu, nani atamwamini dhidi ya skrini?

Tena wakati mwingine takwimu hutuonyesha mambo kichwa chini. Amy Edmondson, profesa wa Harvard, alipokuwa mtafiti kijana alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Alikuta timu zenye uongozi mzuri na uhusiano mzuri zimeandikiwa makosa mengi zaidi. Alipochimba akagundua kwamba kwenye timu zile watu hawakuogopa kuyasema makosa, kwa hiyo yaliandikwa. Kwenye wodi za hofu makosa yalifichwa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1996, na mpaka leo naona hatujayameza. Hebu mpe mtu wa makao makuu jedwali lile bila maelezo: atawapa tuzo walionyamaza, atawaita ofisini waliosema kweli. Wangapi wetu tumekwisha kuitoa tuzo hiyo?

Nimeitaja huruma mara nyingi, na najua neno hili huwatia wasiwasi watu wa kazi. Wanaogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba ukibeba mizigo ya kila mtu utachoka wewe. La pili, kwamba ukiwa na huruma watu watakukalia.

La kwanza lina ukweli wake. Tania Singer, mtaalamu wa ubongo kutoka Ujerumani, pamoja na wenzake, walionyesha katika kazi zao, mojawapo ikiwa ya mwaka 2014, kwamba watu wakizoezwa kuyahisi maumivu ya wengine kama ya kwao, hisia zao wenyewe huwa mbaya zaidi. Lakini wakizoezwa kumtakia heri anayeumia na kutaka kumsaidia, hisia njema hurudi, na hata sehemu za ubongo zinazofanya kazi ni nyingine. Kwa hiyo msimamizi hatakiwi kulia na kila anayelia. Anatakiwa kusogea karibu, kusikiliza, halafu kuuliza: nikuondolee kipi? Kubadilisha zamu ya mtu ni huruma. Kumwambia mtu mapema na ana kwa ana kwamba nafasi yake itaondolewa, ukamweleza kwa nini na utamsaidiaje, ni huruma. Mwaka 2021 bosi wa kampuni moja ya Marekani aliwaachisha kazi watu wapatao 900 kwa kikao kimoja cha Zoom, cha dakika chache. Kazi zinaweza kuisha kwa sababu za kweli kabisa. Namna ya kuziaga ni uamuzi wa mtu.

La pili, la kukaliwa, nalijibu kwa mtu mmoja. Paul O'Neill alichukua uongozi wa Alcoa, kampuni ya alumini ya Marekani, mwaka 1987, akatangaza kwamba jambo la kwanza ni usalama wa wafanyakazi. Wenye fedha walishangaa. Walitaka kusikia faida. Kijana mmoja alipouawa na mtambo kiwandani, O'Neill aliwakusanya wakuu akawaambia kwamba kijana yule wamemuua wao, na kwamba kushindwa kule ni kwa uongozi wake yeye. Aliwapa wafanyakazi namba yake ya simu ya nyumbani, wampigie ikiwa wasimamizi hawawasikilizi. Mkae mlifikirie hilo. Kiwango cha majeraha ya kumfanya mtu akose siku ya kazi kilikuwa 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 alipoingia. Alipoondoka mwaka 2000 kilikuwa karibu 0.2.

Alikuwa laini? Mwaka 1996 mtawa wa Kikatoliki alisimama kwenye mkutano wa wanahisa akalalamikia hali ya wafanyakazi katika kiwanda cha kampuni huko Mexico. O'Neill akafuatilia, akakuta wafanyakazi waliwahi kuugua kwa hewa yenye sumu na habari haikupelekwa juu. Mkuu aliyehusika, mmoja wa viongozi wakubwa wa kampuni na mwenye rekodi nzuri ya faida, akaondolewa kazini. Hiyo ndiyo huruma ninayoizungumzia. Ilimlinda aliyevuta ile hewa, na ikamgharimu aliyenyamaza.

Nikirudi kwenye meza zetu, naomba mambo machache, na ninayaomba kwa dhati.

Mtu akikuletea habari mbaya, neno lako la kwanza liwe asante, hata kama tumbo linakuchemka. Maswali yatafuata baadaye. Watu wote walio nje ya mlango wanasikiliza neno lile la kwanza, na ndilo litakaloamua kama kuna atakayeingia tena.

Kabla hamjaufunga mfumo wowote wa kupima watu, andikeni jina la binadamu mmoja ambaye mfanyakazi atamwendea akisema mfumo umekosea. Awe na muda wa kusikiliza, na awe na mamlaka ya kuusimamisha. Jina likikosekana, mfumo usifungwe. Na zikija simu mbili zenye lalamiko moja, asiwepo mtu wa kuambiwa yuko peke yake.

Mwulizeni mtu aliye chini yenu, mkiwa wawili tu: ni jambo gani ninalofanya linalokufanya usiseme? Akikuambia hakuna, usifurahi. Rudi tena mwezi ujao. Atakuwa anakupima kama ulikuwa unauliza kweli.

Na vikaoni, mdogo aanze. Hili si jambo geni duniani: katika mahakama za kijeshi za Uingereza mjumbe wa cheo cha chini kabisa ndiye anayepiga kura kwanza, ili asivutwe na kura ya mkubwa wake. Kama askari wamelielewa hilo pale uhuru wa mtu unapoamuliwa, sisi tunashindwaje kwenye kikao cha Jumatatu?

Mwenyekiti, dakika zilizobaki nimeziacha makusudi kwa ajili ya maswali, na hasa kwa mwenye kupinga niliyoyasema. Wakurugenzi wangu, naomba mtuwie radhi, msubiri kidogo. Kipaza sauti kiende kule nyuma, aanze aliyeajiriwa karibuni kuliko wote tulio humu ndani.